Asili ya Makosa Katika Kiingereza

Mwalimu anaposahihisha insha ya Kiingereza hutoa hukumu kwa wino mwekundu. Hukumu haina budi kutegemea sheria, na baadhi ya sheria za lugha hiyo zina watungaji wanaojulikana.

Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson, aliyekwisha kufa zamani, kwa kumaliza sentensi kwa kihusishi. Mwaka 1762 kasisi Robert Lowth alitoa kitabu cha sarufi, akaonyesha humo makosa aliyoyaona kwa Shakespeare, kwa Milton na hata katika Biblia ya Kiingereza. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alifuata nyayo hizo mwaka 1795, na sarufi yake ikaenea mashuleni katika nchi zote mbili.

Kipimo cha wataalamu hao mara nyingi kilikuwa Kilatini na mantiki. Katika karne ya 14 Chaucer alikanusha mara mbili ili kulitilia nguvu kanusho lake. Katika karne ya 18 jambo hilo likahesabiwa kosa, kwa hoja kwamba hasi mbili huzaa chanya. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, lakini Kiingereza kilitakiwa kiruke kwa ubawa wa Kilatini. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, aliliita katazo lile la kihusishi kuwa ni ushirikina.

Makosa ya wanafunzi wetu ni ya namna nyingine. Mwanafunzi huandika "he" akimsimulia mama yake, kwa kuwa kiambishi "a-" cha Kiswahili hakibagui mume na mke. Huandika "I hear a smell", kwa kuwa kwetu harufu husikiwa. Makosa haya humpoteza msomaji, nayo yapasa kusahihishwa. Lakini hayatokani na ujinga: ni sarufi ya Kiswahili inayosema kwa maneno ya Kiingereza.

Basi mwalimu na aulize kwanza kosa limetoka wapi. Akionyesha asili yake, mwanafunzi hujifunza lugha mbili kwa pamoja. Akilikata kwa wino tu, kosa hurudi kesho. Na mwanafunzi aliyedharauliwa hunyamaza, na anyamazaye hajifunzi lugha yoyote.