Gari langu la 1996 limefeli moshi

Hapa Birmingham gari langu la 1996 limefeli ukaguzi wa MOT, na zamu ya usiku hakuna basi.

Ukaguzi huu ulianza 1960, kwa magari ya miaka 10 na zaidi: breki, taa na usukani. Kupima moshi kwa mashine kuliongezwa 1991. Basi gari la 1974 moshi wake unaangaliwa kwa macho tu. La 1990, lisilo na masega, linaruhusiwa kaboni monoksidi asilimia 3.5. Langu lina masega kwenye ekzosi, kwa kawaida mwisho 0.3 injini ikikimbizwa. Limetoa 2.4, jamani!

Fundi wa kwanza kasema nunua masega mapya. Nikasoma karatasi: lambda, yaani uwiano wa hewa na petroli, 0.92. Inatakiwa 0.97 hadi 1.03. Petroli imezidi, hewa haitoshi, hata masega mapya yangeshindwa kuuchoma moshi huo. Fundi wa pili kapima sensa ya oksijeni, imekufa. Bei yake nafuu mno kuliko masega.

Kesho narudi kupima. Mama, hela ya mabati iko palepale, Ijumaa natuma.