Alpha Centauri: nyota tatu zenye kuonekana kama moja

Katika mwezi wa sita, wakati kiangazi kinaanza na mawingu yanapungua, wakaaji wa Kivu na Ituri wanaweza kuona upande wa kusini nyota moja yenye kuangaza sana. Mtu wa Goma anaipa Nyiragongo mgongo na kuangalia upande wa ziwa. Mtu wa Beni anaangalia upande wa Butembo. Kwenye saa tatu ya usiku nyota hiyo inafika kwenye kilele chake, lakini haipandi juu sana. Inabaki karibu theluthi moja ya mbingu kutoka chini.

Kuume kwake kuko nyota ingine yenye kuangaza, na mbele kidogo Msalaba wa Kusini. Ile ya kushoto kabisa ndiyo Alpha Centauri, ya tatu kwa mwangaza kati ya nyota zote za usiku. Macho yanahesabu moja. Kumbe ziko tatu, na kwa miaka mia moja wataalamu walijiuliza juu ya ile ya tatu: ni ya nyumba hiyo, ao ni mpita njia tu?

Mbili zenye kuzungukana

Katika mwaka wa 1689, padri Mfaransa Jean Richaud alikuwa Pondicherry, nchini India, akiangalia nyota yenye mkia kwa darubini. Alipofika kwa Alpha Centauri, aliona kwamba ni nyota mbili zenye kukaribiana. Leo zinaitwa A na B. A ni nzito kuliko Jua letu kwa asilimia 8 hivi, na B ni nyepesi kuliko Jua kwa asilimia 9 hivi.

Wengi wanafikiri kwamba nyota ndogo inazunguka kubwa, na kubwa imetulia fasi moja. Haiko hivyo. Zote mbili zinazunguka fasi moja katikati yao, fasi ambayo haina kitu. Ni kama watoto wawili wenye kushikana mikono na kuzunguka: kama uzito ni sawa, kila mmoja anachora duara sawa na la mwenzake. Kama mmoja ni mzito, yeye anachora duara dogo, na mwepesi anakimbia kwenye kubwa. Kwa sababu A inazidi B kidogo tu, ile fasi ya katikati inakaribia A kidogo tu. Hata Dunia na Jua ni vilevile, ila Jua ni zito sana, mpaka fasi hiyo iko ndani ya Jua lenyewe.

Mzunguko mmoja wa A na B unachukua karibu miaka 80. Njia yake si ya mviringo kamili, imerefuka kama yai. Zikikaribiana, umbali kati yao ni kama mara 11 ya umbali wa Dunia na Jua. Zikiachana, unafika mara 36. Zilikaribiana sana mara ya mwisho katika mwaka wa 1955, na zitakaribiana tena katika 2035. Mzee aliyezaliwa 1955 atakuwa amemaliza miaka 80, na nyota hizo zitakuwa zimemaliza mzunguko mmoja tu.

Mwendo wao pia haulingani siku zote. Chukudu ikiteremka kutoka Kibumba kuelekea Goma inakimbia yenyewe, lakini kuipandisha ni kazi. Nyota nazo zikivutana na kukaribiana, zinaongeza mwendo. Zikiachana, zinapunguza, mpaka uvutano unazirudisha tena.

Mzunguko huu ndio kilo ya wataalamu. Hakuna mizani ya kupimia nyota. Lakini ukijua miaka ya mzunguko na umbali kati ya nyota mbili, unaweza kuhesabu uzito wao. Ndiyo maana nyota zenye kukaa mbili mbili zina faida kubwa kwa elimu ya anga.

Kazi iliyofanyika Afrika

Ili kujua umbali kati ya A na B, ni lazima kwanza kujua umbali wao na sisi. Thomas Henderson, Mskotlandi, alipima hesabu hiyo akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka wa 1832 na 1833. Lakini alikawia kuitangaza mpaka 1839, na Mjerumani Friedrich Bessel alikuwa amemtangulia kwa kutangaza umbali wa nyota ingine.

Nyota ya tatu nayo ilipatikana Afrika Kusini. Mwaka wa 1915, Robert Innes, aliyeongoza kituo cha kuangalia nyota cha Johannesburg, alilinganisha picha za mbingu zilizopigwa kwa miaka tofauti. Aliona kanyota kadogo kenye kuhama upande uleule wa Alpha Centauri na kwa mwendo uleule. Kalipewa jina Proxima, maana yake ya karibu zaidi. Nuru yake inatumia miaka 4,24 kufika kwetu, na hakuna nyota ingine iliyo karibu hivyo, isipokuwa Jua.

Jamaa ao mpita njia?

Proxima iko mbali sana na A na B: karibu mara elfu 13 ya umbali wa Dunia na Jua. Katika umbali huo uvutano ni dhaifu. Kama Proxima ingekimbia zaidi ya metre 550 kwa sekunde ukilinganisha na zile mbili, zisingeweza kuishika. Ingepita na kwenda zake.

Jibu lilitangazwa mwaka wa 2017, baada ya kupima mwendo wake kwa chombo kilicho nchini Chile. Proxima inaenda karibu metre 300 kwa sekunde tu. Basi imefungwa, ni ya nyumba hiyo. Mzunguko wake mmoja unachukua karibu miaka elfu 550.

Umbali huo ndio unaolinda nyumba. Nyota tatu zikikaa kwa umbali wenye kulingana, zinavurugana, na mara nyingi moja inatupwa nje. Hapa mbili zimekaribiana, na ya tatu iko mbali sana hata inavutwa nazo kama vile ni nyota moja. Mifumo mingi ya nyota tatu yenye kudumu imepangika namna hiyo.

Proxima yenyewe ina sayari, iliyotangazwa mwaka wa 2016. Uzito wake si chini ya ule wa Dunia, na mwaka wake ni siku 11 tu. Lakini Proxima inarusha milipuko mikali ya moto, na kwa hiyo ni vigumu kusema kama kitu kinaweza kuishi pale.

Kwa macho matupu, Proxima haionekani hata kidogo. Lakini darubini ndogo inatosha kutenganisha A na B, kama vile padri Richaud alivyofanya.