Kipepeo Aliyekosa Jina

Baadhi yetu walimu hudhani kwamba asiyeweza kulitaja jina la kitu hakijui kitu chenyewe. Historia ya uchunguzi wa ubongo yaonyesha vingine.

Mjini Montreal, nchini Kanada, daktari Wilder Penfield alifungua taasisi ya maradhi ya ubongo mwaka 1934. Aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, ganzi ikitiwa kwenye ngozi ya kichwa tu, maana ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Aliugusa kwa umeme hafifu huku mgonjwa akitaja picha, ili azijue sehemu za lugha asije akazikata. Mmoja wao alionyeshwa kipepeo, akanyamaza. Umeme ulipoondolewa alimtaja, akaeleza kwamba jina lilipomkimbia alijaribu kutafuta la nondo, yule mdudu wa usiku afananaye naye, nalo likakataa. Kumbe mdudu alimjua barabara, hata akamkumbuka jamaa yake! Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angempa sifuri. Penfield na Lamar Roberts waliichapisha habari hiyo mwaka 1959.

Kwetu hapa Kampala, uchunguzi wa mwaka 1978 una uzito zaidi. George Ojemann na Harry Whitaker waliwapima wagonjwa wawili, kila mmoja mwenye lugha mbili. Pahali pengine umeme ulizuia majina ya lugha zote mbili. Pengine ulizuia ya lugha moja, ya pili yakatoka salama. Ni watu wawili tu, tena wagonjwa. Hatuwezi kuwapimia wanafunzi wetu wote kwa kipimo chao. Hata hivyo, mtoto akionyeshwa kipepeo akasema «ekiwojjolo» kwa Kiluganda, sisi huliandika neno lake ubaoni, na la Kiswahili kando yake.