Mwana wa Asmund

Mtu akiitwa Murphy, Kelly au O'Sullivan, hata asiyewahi kukanyaga ardhi ya Ulaya aweza kubahatisha kwamba asili yake ni Ayalandi. Majina hayo ni mengi mno. Murphy ndilo lililoongoza katika hesabu ya watoto waliozaliwa nchini humo mwaka 1890, na zaidi ya karne moja baadaye bado lilikuwa na nguvu zake. Lakini mimi sivutwi sana na majina ya wengi. Navutwa na yale machache, yanayobebwa na nyumba mbili tatu, ambayo ukiyafuata nyuma hukutoa kwenye njia uliyodhani na kukupeleka kwingine kabisa. Miongoni mwa hayo ni jina Casement.

Wengi wetu wa sehemu hizi, kama tulilisikia, basi tulilisikia katika historia ya Kongo. Mwaka 1903 Roger Casement, aliyekuwa konseli wa Uingereza huko, alipanda Mto Kongo hadi nchi za juu, akawasikiliza watu waliokuwa wakilazimishwa kukusanya mpira wa mwituni chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili. Aliandika aliyoyaona na aliyoambiwa: vijiji vilivyohamwa, wanawake waliowekwa rehani mpaka waume zao walete mpira, watu waliokatwa mikono. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1904. Miaka minne baadaye, baada ya kelele nyingi, Leopold alilazimika kuiachia nchi ile aliyoimiliki kama shamba lake, ikawa koloni la Ubelgiji.

Niliposoma habari hizo nilijiuliza: hili Casement ni jina la namna gani? Katika Kiingereza neno hilo lina maana ya dirisha linalofunguka kwa bawaba. Ni rahisi kudhani kwamba babu wa ukoo huo alikuwa seremala wa madirisha, kama vile akina Smith walivyotokana na wahunzi. Sivyo hata kidogo.

Ili tuelewe, yafaa kwanza tutazame jinsi majina ya ukoo yalivyoanza Ayalandi. Watu wa huko walikuwa miongoni mwa wa mwanzo Ulaya kuwa na desturi hiyo. Jina Ó Cléirigh linatajwa tayari katika mwaka 916. Neno Mac maana yake ni mwana, na Ó ni mjukuu au uzao. Basi Mac hufanya kazi ile ile ya bin kwetu, isipokuwa kwamba kwao jina la baba liliganda. Wajukuu, vitukuu na vilembwe wote wakabaki kuwa wana wa mtu yule mmoja, hata baada ya yeye mwenyewe kusahauliwa. Binti naye, katika lugha yao, hatumii Mac wala Ó, bali Nic au Ní.

Sasa, katika bahari iliyo baina ya Ayalandi na Uingereza kuna Kisiwa cha Man, ambacho lugha yake ya asili ni ndugu wa Kiayalandi. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya wafalme wenye asili ya Norwei mpaka mwaka 1266, kilipokabidhiwa kwa mfalme wa Uskochi. Mabaharia wa kaskazini walioa kwa wenyeji, watoto wao wakazungumza lugha ya mama, lakini majina ya akina baba yakabaki. Ndipo akapatikana mtu mwenye Mac ya wenyeji na jina la wageni: Mac Asmund, mwana wa Asmund. Na Asmund, katika lugha ya kale ya Norwei, ni jina lililoundwa kwa maneno mawili, mungu na ulinzi.

Ulimi wa Kisiwa cha Man una tabia moja. Humeza mwanzo wa neno Mac na kuibakiza sauti ya mwisho, ikagandamana na jina linalofuata. Kwa hiyo Mac Diarmada, ambaye Ayalandi huandikwa MacDermott, kisiwani ni Kermode. Mac aliyekuwa mwana wa Thorljot akawa Corlett. Na mwana wa Asmund akawa Casmund, kisha herufi zikabadilika kidogo kidogo mikononi mwa makarani mpaka likafanana na neno la Kiingereza walilolizoea. Dirisha likaingia katika jina ambalo halikuwa na dirisha.

Hatupaswi kuidharau kalamu ya karani. Mwaka 1465 Bunge la sehemu ya Ayalandi iliyokuwa mikononi mwa Waingereza lilipitisha sheria ya kuwataka Waayalandi wa Dublin, Meath, Louth na Kildare wachukue majina ya Kiingereza, ya mji, ya rangi, ya ufundi au ya kazi. Katika karne ya 17 na ya 18 wengi waliziacha Ó na Mac, maana kuonekana Mwayalandi halisi kulikuwa mzigo. Mwishoni mwa karne ya 19, fahari ya lugha yao ilipofufuka, baadhi wakazirudisha. Jina la mtu lilikuwa kama bendera, likipandishwa na kushushwa kwa kufuata upepo wa utawala.

Akina Casement walivuka kutoka Kisiwa cha Man hadi wilaya ya Antrim, kaskazini mwa Ayalandi, katika karne ya 18. Walikuwa Waprotestanti wenye ardhi, na nyumba yao kubwa, Magherintemple, iko karibu na mji wa Ballycastle. Hawakuwa wengi wakati huo, wala hawakuwa wengi baadaye. Kwa jirani Mkatoliki aliyenyang'anywa mashamba ya babu zake, jina hilo lilikuwa moja tu kati ya majina ya waliokuja na chombo. Na hapa ndipo swali linaponigusa: je, mgeni huacha kuwa mgeni lini? Baada ya miaka mia? Au baada ya jambo fulani kutendwa?

Roger alizaliwa mwaka 1864 karibu na Dublin, akafiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo, akalelewa na jamaa zake wa Antrim. Uingereza ilimpa cheo cha Sir mwaka 1911 kwa kazi yake ya kufichua mateso ya wakusanya mpira wa Putumayo, huko Amerika ya Kusini. Lakini mtu aliyejifunza Kongo jinsi dola inavyokula nchi ya wengine alirudi kwao akaitazama Ayalandi kwa macho yale yale. Mwaka 1914 alikwenda Ujerumani kutafuta msaada kwa ajili ya uasi. Mwezi Aprili mwaka 1916 alishushwa na nyambizi ya Kijerumani katika ufuko wa Banna, wilaya ya Kerry, akakamatwa siku ile ile. Alivuliwa cheo chake, na tarehe 3 Agosti 1916 akanyongwa London na kuzikwa ndani ya gereza.

Mtu angetegemea jina hilo lifukiwe pamoja naye. Badala yake lilianza kuenea, ila kwa njia ya ajabu, maana halikuenea katika damu. Idadi ya waliozaliwa nalo haikuongezeka, lakini vijana wa Portglenone, huko huko Antrim, walikiita klabu chao cha michezo kwa jina lake. Mwaka 1953 uwanja mkubwa wa michezo ya jadi ukafunguliwa Belfast, nao ukaitwa Casement Park. Mwaka 1965 mifupa yake ilirudishwa Dublin na kuzikwa kwa heshima za kitaifa katika makaburi ya Glasnevin. Rais Éamon de Valera, mzee wa miaka 82, alihudhuria ingawa hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mwaka huo huo uwanja wa ndege wa jeshi ulioko Baldonnel ukapewa jina lake.

Nimefurahishwa zaidi na jambo dogo ambalo wapita njia wengi hawalitambui. Uwanja huo wa ndege una jina la Kiayalandi pia, nalo husema ni uwanja wa Mac Easmainn. Ule wa michezo wa Belfast nao una Mac yake. Silabi iliyomezwa na ndimi za Kisiwa cha Man karne nyingi zilizopita imetapikwa tena, si na ukoo wenyewe, bali na taifa ambalo ukoo huo uliliingia kama mgeni. Bunge la mwaka 1465 lilitaka Waayalandi wageuzwe Waingereza kwa majina. Hapa Waayalandi wamelichukua jina lenye sura ya Kiingereza, la mtu aliyekufa kwa ajili yao, wakalitafutia mahali katika lugha yao. Ndani yake Asmund, baharia au mkulima asiyejulikana na mtu, bado anatajwa kuwa baba.