Fundi, Mwanafunzi na Cheti: Somo Refu la Bagamoyo

Tangu mkondo wa amali uanze katika shule za sekondari mwaka 2024, mijadala mingi ninayoisikia kwenye semina na kwenye korido za ofisi za umma inahusu vifaa: mashine za kuchomelea, vyerehani, meza za useremala, umeme usiokatika. Ni mijadala ya haki. Hata hivyo, lipo swali linalopitwa haraka mno, nalo linamhusu mtu atakayesimama kati ya mashine na mtoto. Atafundishaje? Na nani amempa idhini ya kufundisha? Tunaliuliza kana kwamba limezaliwa juzi pamoja na sera mpya. Bagamoyo limekuwapo kwa zaidi ya karne moja na nusu, na mtu anaweza kulifuata kwa miguu, kutoka misheni iliyo kaskazini ya mji, kupitia ufukweni, hadi chuo cha sanaa kilicho kusini.

Nianzie misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo mwaka 1868 chini ya Padre Antoine Horner. Walitoka Zanzibar, ambako misheni ilianzishwa mwaka 1860 na ambako tayari walikuwa na karakana za uhunzi na useremala. Watoto waliofundishwa humo wengi wao walikuwa wamekombolewa utumwani, wengine wakinunuliwa na misheni yenyewe kwenye soko la watumwa lililokuja kufungwa mwaka 1873. Bagamoyo walipewa ardhi, minazi, karakana na ratiba. Siku yao iligawanywa kati ya sala, darasa na kazi, na kengele ndiyo iliyowahamisha kutoka hapa kwenda pale.

Jambo ambalo wanafunzi wangu hulishangaa ni kwamba waalimu wa karakana kwa kawaida hawakuwa mapadre. Walikuwa mabruda: waashi, wahunzi, maseremala waliojifunza kazi zao huko Ulaya kabla ya kuvaa kanzu au baada yake. Bruda hakuwa na daraja la padre wala elimu yake ya Kilatini, lakini mtoto aliyesimama kando yake aliona chuma kikibadilika rangi na akajua ni wakati gani wa kukigonga. Kwa upande wa mbinu, hapo sioni la kulaumu. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuhusu biashara ya watumwa, alipita Bagamoyo akaisifu misheni ile kuwa mfano wa kuigwa katika kuwafunza kazi watumwa waliokombolewa.

Lakini Frere alitazama mikono, hakuwauliza wenye mikono. Mtoto hakuchagua kazi yake. Wachache walioonekana na akili ya vitabu walielekezwa kwenye masomo ya dini, wengine karakanani, na walio wengi shambani. Vijana walipooana walihamia kijiji cha Wakristo kando ya misheni, na huko nako siku kadhaa za juma zilikuwa za kulima shamba la misheni. Baadhi yao walitoroka. Mtu aliyefundishwa ufundi huku hana ruhusa ya kuondoka nao ana sababu nzuri ya kuuchukia, na nadhani sehemu ya dharau yetu kwa kazi za mikono ilianza katika mpangilio wa namna hiyo: kitabu kwa mteule, jembe kwa aliyebaki.

Wakoloni waliofuata hawakuuvunja mpangilio huo. Wajerumani walianzisha shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikawa na karakana pamoja na mtambo wa uchapaji, na gazeti la Kiongozi lilichapwa hapo. Zama za Waingereza, Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ikapendekeza elimu ifungamane na kilimo na kazi za vijijini. Wazazi wengi Waafrika walilipokea pendekezo hilo kwa shaka, na walikuwa na sababu: mtoto wa Mzungu hakupendekezewa jembe.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alijaribu kuuvunja ukuta huo kwa kutaka kila shule iwe pia mahali pa kuzalisha, na kila mwanafunzi ashike kitabu na jembe pia. Wazo lilikuwa sahihi kuliko utekelezaji wake. Mimi mwenyewe nilisoma katika shule ambayo “kujitegemea” kulimaanisha kufyeka majani ukichelewa na kupalilia bustani ya mwalimu ukifeli hesabu. Hakuna aliyetufundisha kupalilia. Kazi iliyotolewa kama adhabu haina mwalimu, ina msimamizi tu.

Sasa tushuke ufukweni. Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa ualimu kumtazama fundi mzee akitengeneza mashua. Waliandaa madodoso. Mmoja akamwomba atueleze hatua za kufundisha mwanagenzi, kwa mpangilio. Mzee alicheka, akamwita kijana wake akalafati kiungo kati ya mbao mbili. Kijana akasokota pamba, akaanza kuigongea. Mzee akaendelea kuzungumza nasi habari za bei ya mbao, mgongo ameupa kazi ile. Ghafla akasema, bila kugeuka, “Rudia hapo.” Alikuwa akisikiliza. Kiungo kilichoshiba pamba hakitoi mlio mmoja na kisichoshiba.

Tukirudi kwenye basi, mwanafunzi wangu mmoja alisema mzee yule hana andalio la somo. Mwingine akamjibu kwamba tulikuwa tumelisikia andalio lenyewe. Nililiacha jibu lile bila kuongeza neno, ingawa baadaye niliona linahitaji ufafanuzi. Mzee alikuwa na mfululizo thabiti: mwanagenzi huanza kwa kuokota vijiti na kushika ubao, kisha hukalafati, kisha hupewa keekee, na tezo humfikia baadaye kabisa, kwa sababu kosa la tezo halifutiki. Kazi inayoweza kurudiwa hutangulia ile isiyoweza kurudiwa. Makosa huonekana palepale, na husahihishwa palepale, kabla mkono haujayazoea. Vyuo vyetu vya ualimu hutumia muhula mzima kulieleza jambo hilo.

Lugha yenyewe inaukumbuka uhusiano huo. Funda, funza, fundisha, fundi, mwanafunzi: shina ni moja. Na desturi ya pwani ilimtaka mwanagenzi aliyehitimu ampe fundi wake kilemba, zawadi ya kukiri hadharani kwamba ujuzi una mwenyewe.

Sitaki kuupamba uanagenzi. Vijana wengi wamefagia karakana miaka miwili bila kuguswa na somo lolote. Wapo mafundi wanaoficha siri ya kazi wasije wakajizalia mshindani. Wasichana walifungiwa mlango karibu kabisa. Na fundi anayejenga kwa jicho, bila mchoro, hupata taabu kumwandaa kijana kwa mteja anayedai vipimo kwenye karatasi. Darasa lina kazi yake.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kilionyesha kwamba viwili hivyo vinaweza kukaa chini ya paa moja. Hukwe Zawose, Mgogo aliyezipeleka ilimba na zeze mbali nje ya nchi, alikuwa miongoni mwa waliofundisha hapo. Aliyejifunza kwake alikaa mbele yake na ala mkononi, akasikia, akajaribu, akasikilizwa. Zawose alifariki mwaka 2003. Leo nafasi ya kufundisha katika chuo chochote cha umma hutangazwa kwa kutaja shahada kwanza, na sina hakika kwamba mtu wa aina yake angevuka hatua ya kuchuja maombi.

Serikali haijalala kabisa. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi yake, akapewa cheti. Morogoro kipo chuo mahususi cha kuwaandaa walimu wa ufundi stadi. Lakini cheti cha urasimishaji humthibitisha fundi kuwa fundi. Hakimruhusu kusimama shuleni kama mwalimu, na mwalimu mwenye shahada anayesimama pale mara nyingi hajawahi kumuuzia mtu hata stuli moja. Kila mmoja ana nusu ambayo mwenzake anaihitaji, na hakuna kanuni ya ajira inayowakutanisha.

Mmoja wa wanafunzi niliowapeleka ufukweni sasa anafundisha useremala katika shule ya sekondari ya wilayani. Mwezi uliopita alinipigia simu. Ana randa mbili na wanafunzi zaidi ya arobaini, basi amemwomba seremala wa kijijini aje siku mbili kwa juma. Yeye anafundisha vipimo na michoro, mzee anashika mikono ya watoto. Mkuu wa shule ameridhia. Kilichokwama ni malipo, kwa kuwa halipo fungu la bajeti la kumlipa mtu asiye mwajiriwa wala mzabuni. Siku aliyonipigia, seremala alikuwa amemaliza juma la tatu bila kulipwa, na kwa adabu kabisa alikuwa ameanza kuuliza.