Kuvua na Kuvuliwa: Mwanzo wa Picha za Mwili Mtupu katika Sanaa

Sanaa ya kupiga picha ilitangazwa mjini Paris mwaka 1839, na haikupita miaka mingi kabla ya mwili wa binadamu usiovikwa nguo kusimamishwa mbele ya kamera. Jambo hili si la kustaajabisha. Wachongaji wa Uyunani na wachoraji wa Italia walikwisha ufanya mwili mtupu kuwa kipimo cha ufundi wao, na kijana aliyejifunza uchoraji Ufaransa alilazimika kumchora mtu aliyekaa uchi mbele yake. Walakini mtu huyo alichoka, aliona baridi, na alidai ujira wake. Picha haichoki wala haidai ujira wa pili. Kwa hiyo wapiga picha wa kwanza walijitokeza kama watumishi wa wachoraji, wakauza kazi zao kwa jina la mazoezi ya kuchora.

Jina hilo lilikuwa pia ngao mbele ya sheria, lakini ngao yenyewe ilikuwa nyembamba. Félix-Jacques Moulin alipiga picha za namna hiyo mjini Paris. Mwaka 1851 picha zake zilikamatwa, naye akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Mpaka kati ya sanaa na upujufu haukuwekwa na msanii bali na hakimu.

Mchoraji Eugène Delacroix aliingia katika kazi hii kwa mlango wa heshima. Mwaka 1853 aliwaonyesha wageni wake picha za miili mitupu zilizopigwa na Eugène Durieu, mwanasheria aliyependa kamera. Kisha akawaonyesha michoro ya Marcantonio Raimondi, fundi aliyesifiwa kwa karne tatu. Wageni waliona makosa ya michoro ile kwa mara ya kwanza: viungo visivyolingana, misuli isiyokuwapo katika mwili wa mtu. Mwaka uliofuata Delacroix alisimama kando ya Durieu, akawapanga mwanamume na mwanamke kama apangavyo watu katika turubai, na mwenziwe akapiga. Moja ya picha hizo ilimsaidia kuchora mwanamke aliyelala katika kazi yake ya mwaka 1857.

Mwaka huo huo wa 1857, Oscar Rejlander, Mswidi aliyekaa Uingereza, alidai picha iwe sanaa kamili, isiwe mtumishi tena. Aliunga negativi zaidi ya 30 kuwa picha moja, akaonyesha mzee akiwaongoza vijana wawili penye njia panda: upande mmoja kazi na ibada, upande wa pili anasa, pamoja na wanawake wasiovaa nguo. Picha ilionyeshwa Manchester, na Malkia Victoria akanunua nakala. Huko Skotlandi, hata hivyo, kulizuka ugomvi. Na ilipoonyeshwa Edinburgh, upande wa anasa ulifunikwa. Ajabu ni kwamba watu walivumilia uchi wa mawe na wa rangi, wakakasirikia wa picha. Sababu ni wazi. Sanamu ya jiwe haina mtu nyuma yake aendaye sokoni, picha inaye.

Mtu huyo ndiye kiini cha maneno yetu. Wahenga wa pwani yetu walisema kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hawakusema akivua, walisema akivuliwa. Tofauti ya silabi chache ndiyo tofauti ya heshima na dhuluma, na historia ya kamera inaithibitisha.

Mwezi wa Machi 1850, katika mji wa Columbia, South Carolina, mpiga picha Joseph Zealy aliletewa watumwa saba kwa matakwa ya Louis Agassiz, mwanachuo wa Harvard aliyetafuta ushahidi kwamba watu weusi waliumbwa mbali na weupe. Mmoja aliitwa Renty, aliyeandikwa kuwa mtu wa Kongo. Mwingine Delia, binti yake. Walivuliwa nguo, wakapigwa picha 15 juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha. Hawakuulizwa, wala hawakuwa na uwezo wa kukataa. Mwanga ulikuwa mwema na lenzi ilikuwa kali, lakini kilichofanyika hakikuwa sanaa. Mabamba yalikutwa katika jumba la makumbusho la Harvard mwaka 1976. Mwaka 2019 mwanamke asemaye kuwa ni mzao wa Renty alikishtaki chuo hicho, na mwaka 2025 chuo kikakubali kuyaachilia.

Linganisha na picha aliyoipiga Edward Weston huko California mwaka 1936. Charis Wilson amekaa mlangoni juani, goti limeinuliwa, kichwa kimeinama, uso hauonekani. Weston hakuridhika kamwe na kivuli kilichoangukia mkono wa kulia. Charis naye hakuridhika na njia ya nywele iliyopinda, wala na vibanio vilivyoonekana. Hapa waamuzi ni wawili. Aliye mbele ya kamera anaitazama kazi, anaitia kasoro, na mwaka 1998 aliandika kitabu chake mwenyewe juu ya miaka yao pamoja. Renty hakuachiwa nafasi ya kusema neno.

Basi anayetaka kuianza sanaa hii leo na ajifunze mwanga wa dirishani, subira, na mistari ya mwili kama Delacroix alivyojifunza. Lakini kabla ya hayo yote yampasa kupata ridhaa ya mtu mzima aliye huru: ajue picha itakwenda wapi, aweze kusema hapana, na aweze kuvaa nguo zake wakati wowote apendao. Ufundi hukua kwa mazoezi. Ridhaa hutangulia ufundi. Picha iliyopatikana kwa hiari yaweza kuwa mbaya ikatupwa, na hasara ikawa ni karatasi tu. Iliyopatikana kwa nguvu haifanywi njema na ustadi wowote, na deni lake hurithiwa na wajukuu.