Kipimo cha oksijeni: Kilianzia nyambizini, kikafika kitandani kwa mgonjwa mahututi

Oktoba 3, 1940, wanasayansi kadhaa wa Marekani waliitwa Washington kuelezwa mahitaji ya jeshi. Vita vilikuwa vimepamba moto Ulaya, na Marekani, ingawa ilikuwa bado haijaingia, ilikwisha kuanza kujiandaa. Jambo mojawapo waliloombwa ni kifaa cha kupima kiasi cha oksijeni ndani ya nyambizi na ndani ya ndege zinazoruka juu sana.

Ombi hilo lilikuwa na sababu nzito. Oksijeni haina rangi, haina harufu wala ladha. Baharia aliyefungiwa chini ya maji hana njia ya kujua kwamba hewa yake inapungua. Mbaya zaidi, anayeikosa kidogo kidogo mara nyingi hajisikii mgonjwa. Hujiona mchangamfu na mwenye akili timamu, kisha huanguka.

Mmoja wa waliohudhuria alikuwa mkemia Linus Pauling wa chuo cha Caltech, Pasadena, California. Aliporudi nyumbani alikuwa tayari na wazo kichwani. Karne moja kabla yake, Michael Faraday wa Uingereza alikuwa amechunguza jinsi gesi zinavyoitika mbele ya sumaku. Gesi nyingi za kawaida husukumwa kidogo sana na sumaku, lakini oksijeni huvutwa. Pauling aliijenga mashine yake juu ya tofauti hiyo.

Alichukua vitufe viwili vidogo vya kioo, vitupu ndani, akaviunga kwa kijiti na kuvining'iniza kwa uzi mwembamba wa kwatsi katikati ya ncha za sumaku. Oksijeni ikiongezeka, huvutwa na sumaku na kuvisukuma vile vitufe pembeni, na uzi hujisokota. Kioo kidogo cha kujitazamia kilichobandikwa hapo hugeuka, mwanga unaokipiga husogea juu ya mizani ya namba, na msomaji anapata jibu lake. Kazi ya kuvitengeneza vifaa hivyo kwa wingi aliipata Arnold Beckman, mkemia wa hapohapo Pasadena aliyekuwa tayari anajulikana kwa kipimo cha tindikali.

Vita vilipokwisha, kifaa cha nyambizi kilipata kazi mpya mahali ambapo hakuna askari aliyepawazia: kwenye inkubeta za watoto njiti.

Watoto waliopofuka

Mwaka 1942, daktari wa macho Theodore Terry wa Boston alieleza ugonjwa uliokuwa haujaandikwa na mtu. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wakiota utando nyuma ya lenzi ya jicho na kupofuka. Kilichowashangaza madaktari ni kwamba ugonjwa ulionekana zaidi katika hospitali bora za nchi tajiri. Hospitali duni hazikuwa nao.

Nadharia zilikuwa nyingi: vitamini, mwanga, maambukizi, maziwa. Mwaka 1951, Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alionyesha kidole kwenye oksijeni. Hospitali zenye fedha zilikuwa na inkubeta mpya zisizovuja, na wauguzi walifungua oksijeni kwa ukarimu wakiamini kwamba kizuri hakizidi. Huko Washington, daktari kijana Arnall Patz aliamua kuwagawa watoto makundi mawili, wengine wapewe oksijeni nyingi na wengine wapewe pale tu inapohitajika. Inasimuliwa kwamba wauguzi wengine, kwa kuwahurumia wale wa kundi la pili, waliwafungulia oksijeni usiku.

Utafiti mkubwa zaidi ulioshirikisha hospitali 18 za Marekani ulifuata kuanzia mwaka 1953, na ukathibitisha shaka hiyo. Kufikia wakati huo watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepoteza macho. Mmoja wao alizaliwa Michigan mwezi Mei 1950, wiki sita kabla ya siku zake, na dunia ikaja kumfahamu kwa jina la Stevie Wonder.

Hapo ndipo kipimo cha Pauling kilipohitajika. Muuguzi alikuwa anajua lita ngapi za oksijeni zinaingia kwenye inkubeta kwa dakika, lakini lita hazisemi mtoto anavuta asilimia ngapi. Inkubeta yenye mlango uliolegea na ile iliyofungwa vizuri hutoa majibu tofauti kabisa kwa lita zilezile. Bila kipimo, dozi ilikuwa ya kukisia.

Hata hivyo, kupima hakukumaliza tatizo. Hospitali nyingi ziliweka kikomo cha asilimia 40 na kukishika kama amri. Upofu ukapungua, lakini watoto wenye mapafu machanga, ambao walihitaji zaidi ya hapo, walikufa. Mwaka 1973 mtaalamu wa Uingereza Kenneth Cross alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa macho, watoto wapatao 16 walipoteza maisha. Madaktari walikuwa wamejua hewa ina kiasi gani, ila hawakuwa wamejua damu ya mtoto imepokea kiasi gani.

Kutoka Copenhagen hadi Ohio

Upande wa watu wazima, mwaka 1952 polio iliishambulia Copenhagen, Denmark. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walijaa katika hospitali ya Blegdam, na mapafu ya chuma, yale masanduku ya kumlaza mgonjwa ndani, yalikuwa machache mno. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo na kupulizwa hewa moja kwa moja kwa mfuko wa mpira. Wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari walipokezana zamu mchana na usiku wakiminya mifuko hiyo kwa mikono. Awali, zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wakifa. Baada ya hapo walio wengi walipona.

Ibsen alikuwa amegundua kwamba mgonjwa anayepewa oksijeni anaweza kuonekana ana rangi nzuri huku hewa chafu ikimrundikia mwilini na kumuua. Macho ya daktari yalikuwa yakidanganywa. Kutokana na janga lile, mashine za kupumulia zilianza kuchukua nafasi ya mikono, na wodi za wagonjwa mahututi zikazaliwa.

Mashine za mwanzo zilikuwa na nguvu za kusukuma lakini hazikuwa na macho. Bird Mark 7, iliyoenea sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, iliendeshwa na shinikizo la oksijeni yenyewe na kuvuta hewa ya kawaida pembeni ili kuchanganya. Mapafu ya mgonjwa yakiwa magumu, mchanganyiko ulibadilika na oksijeni ikapanda bila mtu kuigusa mashine. Na tangu mwaka 1899 James Lorrain Smith alikuwa ameonyesha kuwa oksijeni nyingi kwa muda mrefu huyachoma mapafu.

Ufumbuzi ulitoka Yellow Springs, Ohio. Leland Clark alikuwa ametengeneza mashine ya kuipa damu oksijeni nje ya mwili, lakini makala yake ilikataliwa kwa kuwa hakuweza kuonyesha damu iliyotoka ilikuwa na oksijeni kiasi gani. Mwezi Oktoba 1954 alipata jibu: aliweka nyaya mbili, ya platini na ya fedha, nyuma ya utando mmoja wa plastiki. Oksijeni hupenya, uchafu wa damu hubaki nje, na umeme unaopita huonyesha kiasi chake. Miaka michache baadaye John Severinghaus aliunganisha kifaa hicho na vingine, ikawa mashine ya kwanza ya kupima gesi za damu.

Kihisi kinachojila

Kihisi kilichopo ndani ya mashine nyingi za kupumulia leo ni ndugu wa kile cha Clark. Ni kikopo kidogo chenye risasi upande mmoja, dhahabu upande mwingine, na maji ya kemikali katikati. Oksijeni ikiingia, risasi huungana nayo na umeme huzaliwa. Hakihitaji umeme kutoka nje kwa sababu chenyewe ni betri. Lakini risasi hupungua kadiri inavyofanya kazi, kama utambi unavyomaliza mafuta ya koroboi. Kwa kawaida hudumu mwaka mmoja hadi miwili, na kikikaa kwenye oksijeni tupu huisha haraka zaidi. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wamehamia kwenye vihisi vya sauti isiyosikika, au wamerudi kwenye sumaku ya Pauling.

Umuhimu wake si wa kinadharia. Bomba la oksijeni likiunganishwa kimakosa na la gesi nyingine, mashine itapuliza kwa utaratibu uleule na mgonjwa atakufa kimya kimya. Mwaka 1986 hospitali za Chuo Kikuu cha Harvard zilitangaza viwango vya usalama kwa wagonjwa wanaopewa nusukaputi, na kipimo cha oksijeni chenye kengele kilikuwa mojawapo ya masharti. Chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kilitoa viwango vyake mwaka huohuo.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kukifahamu kifaa hiki. Kwanza ni mwinuko. Kihisi hupima shinikizo la oksijeni, hakihesabu asilimia. Kilichorekebishwa Mombasa, kwenye usawa wa bahari, kikipelekwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu, kitasoma takriban asilimia 17 badala ya 21, ingawa hewa ni ileile. Fundi wa vifaa tiba asiyelijua hilo atakitupa kihisi kizima, au atamwongezea mgonjwa dawa asiyoihitaji.

Pili ni chanzo cha gesi. Hospitali nyingi zinaacha kutegemea mitungi inayotoka mbali na kuzalisha oksijeni karibu nazo, kama inavyofanya Hewatele, iliyoanzishwa nchini Kenya na Bernard Olayo. Mitambo ya namna hii huchuja hewa na kutoa oksijeni ya takriban asilimia 93. Inafaa kabisa kwa tiba. Lakini anayeitumia kukirekebishia kihisi huku mashine ikidhani inapewa asilimia 100, ameingiza kosa katika kila namba itakayosomwa baadaye.

Janga la Uviko-19 lilileta mashine nyingi za kupumulia katika ukanda huu, kwa ununuzi na kwa msaada. Mashine huhesabiwa na kupigwa picha siku ya makabidhiano; kihisi chake hakitajwi na mtu. Kikiisha, kengele italia kila dakika, na kengele isiyo na kipuri mwishowe huzimwa. Hapo tunarudi kwenye inkubeta za mwaka 1950, dozi ya kukisia.

Oksijeni ni dawa, na dawa bila kipimo ni hatari kwa kupungua na kwa kuzidi. Bodi za hospitali, wizara na wafadhili wasisaini hati ya mashine yoyote bila kuuliza maswali mawili: kihisi chake kitaisha lini, na fedha za kingine zimetengwa katika bajeti ipi?